Mtungi wa Nusu Bei na Uniti ya 76

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni rahisi kulishika: ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mwaka 2021 waliokuwa wamefika huko walikuwa asilimia 6.9 tu. Safari ni ndefu, na Serikali imeamua kuisukuma kwa fedha. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo 6, pamoja na kichomeo chake, kwa nusu bei. Shirika la umeme, TANESCO, nalo linawahimiza wateja wake wapike kwa umeme.

Naliunga mkono lengo hili kwa moyo wote. Serikali inakadiria kuwa Watanzania zaidi ya 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa jikoni, na kwamba hekta zaidi ya 469,000 za misitu hupotea kila mwaka. Mama anayepuliza moto kwa miaka thelathini huku macho yakimchuruzika hahitaji semina ya kumweleza madhara ya moshi. Anachohitaji ni njia anayoimudu mwezi huu, mwezi ujao, na mwezi wa shule kufunguliwa. Hapo ndipo ninapoona ruzuku zetu zimeishia njiani.

Sauti zinazofuata nimezipanga mimi, zibebe hoja zinazobishaniwa vibarazani na maofisini. Yupo mchumi kijana anayeutetea mtungi wa ruzuku. Yupo mzee aliyestaafu kazi ya umeme. Yupo mama lishe wa Mbagala, mpangaji. Na yupo muuza mkaa, ambaye mijadala ya namna hii kwa kawaida haimwaliki.

MCHUMI: Shikamooni. Naomba nianze na mtungi, maana ndio ulioonekana. Kikwazo cha kwanza cha maskini ni gharama ya kuanzia. Mtu anayenunua mkaa wa mia tano jioni hawezi kutoa kwa mkupuo fedha za mtungi, kichomeo na gesi ya kwanza. REA inapolipa nusu, kizingiti kinashuka. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 ilipangwa mitungi zaidi ya 450,000 igawanywe wilayani. Unakwenda na kitambulisho chako cha NIDA, unalipa nusu, unaondoka na jiko. Hakuna mpango mwingine uliofika vijijini kwa haraka kiasi hicho.

MAMA LISHE: Marahaba, mwanangu. Mtungi siukatai. Mdogo wangu aliupata kijijini, tukashangilia. Akaupikia chai, wali, mboga, kama wiki tatu hivi. Ulipokwisha akausukuma chini ya kitanda, mpaka leo. Kuujaza ni elfu ishirini na kitu, na hiyo elfu ishirini iwe mkononi siku hiyo hiyo, halafu kuna nauli ya bodaboda ya kuupeleka na kuurudisha. Ukiwa na elfu mbili, wa gesi hakuuzii ya elfu mbili.

MUUZA MKAA: Hapo ndipo mnaponikuta mimi. Mkaa wangu nauza kwa gunia, kwa sado, kwa kopo, hata kwa fuko la mia tano. Mteja wangu akiwa hana, nampimia, analipa Jumamosi. Mnaniita adui wa misitu, lakini mngejiuliza kwanza kwa nini mteja anarudi kwangu na mtungi anao nyumbani. Simlazimishi mtu.

MCHUMI: Hoja yako naikubali, kaka. Ndiyo maana zikaja gesi za kulipia kadri unavyotumia, zenye mita ndogo juu ya mtungi na malipo ya simu. Zimefanya kazi Dar es Salaam, ingawa vijijini bado hazijafika. Na wenzetu wamelipitia hili. India ilianza mwaka 2016 kuwagawia wanawake wa kaya maskini unganisho la gesi, mpango wa Ujjwala, ukafikia kaya zaidi ya milioni 90. Wakagundua wengi hawajazi tena, au wanajaza mara chache mno kwa mwaka. Mwaka 2022 wakaongeza ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na mwaka 2023 ikafika rupia 300. Maana yake walijifunza kuisogeza ruzuku kutoka kwenye mtungi hadi kwenye gesi iliyomo.

Hapa niingilie kidogo. Mfano wa India ni mzito kuliko unavyosikika, kwa sababu ni nchi iliyokubali hadharani kwamba kuhesabu mitungi iliyotolewa si sawa na kuhesabu vyakula vilivyoivishwa juu yake. Taarifa zetu nyingi bado zinahesabu mitungi. Ningependa kusoma taarifa moja ya wilaya inayosema: kati ya waliochukua mtungi mwezi Machi, hawa ndio waliojaza Juni, na hawa ndio waliojaza Desemba. Muuzaji anayejaza anaweza kuandika namba ya mtungi. Kazi hiyo si kubwa.

Kenya nayo imetufundisha somo la kodi. Julai 2021 gesi ya kupikia ilianza kutozwa VAT ya asilimia 16, mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, na sheria ya fedha ya 2023 ikaiondoa. Kaya iliyonunua jiko la gesi mwaka 2020 ilikuta bei ya kujaza imepanda juu yake bila kuulizwa. Mtu akishachomwa namna hiyo, mara ya pili huchelewa kuamini.

MZEE WA UMEME: Mmezungumza gesi muda mrefu, na gesi tunaiagiza kwa meli na kuilipia kwa dola. Hata gesi yetu ya Mtwara siyo hiyo iliyomo kwenye mitungi. Mimi nataka tuzungumze kilicho chetu. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa imekamilika. Nchi iliyokuwa kwenye mgao mwishoni mwa 2023 imejikuta na umeme unaotafuta wa kuutumia. Maji ya Rufiji yakipita bila kuzungusha mtambo, yamekwenda baharini. Kwa nini yasiivishe maharage?

MAMA LISHE: Kwa sababu umeme ni ghali, mzee wangu. Hilo kila mtu analijua.

MZEE WA UMEME: Si kweli kwamba ni ghali, mama. Ni ghali kwa namna ulivyopangwa. Nipe kilo moja ya maharage makavu na jiko la presha la umeme la wati 1,000. Linapanda joto, linafikia presha, halafu linajikata lenyewe. Mita inatulia, na chungu kinaendelea kuiva kwa joto lililofungiwa ndani. Likishuka, linawaka tena dakika chache. Mpaka yameiva limekula nusu uniti hivi, au pungufu. Kwa tarifa ya T1, ya wateja wa kawaida, na kodi zote, uniti moja ni kama Sh356. Basi maharage yameiva kwa chini ya Sh180. Mwanangu, wewe mkaa wa kuivishia kilo ya maharage unauza shilingi ngapi?

MUUZA MKAA: Ya mia mbili haivishi, mzee. Labda chai.

MZEE WA UMEME: Umesema kweli, na nakushukuru. Tatizo haliko kwenye sufuria, liko kwenye uniti ya 76.

Namwachia mzee nafasi hapa, kwa sababu hiki anachokieleza ndicho kiini cha makala haya, na watu wengi wanaolipia umeme kila wiki hawajawahi kukiona kikiwekwa kwenye hesabu.

MZEE WA UMEME: Katika viwango vya mwaka 2016 vya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, watumiaji wadogo wako kwenye tarifa ya D1. Uniti 75 kwa mwezi, Sh100 kila moja kabla ya kodi. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, unapata Sh122. Zote 75 ndiyo ile elfu tisa mia moja na hamsini ambayo kila mtu anaijua. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh350 kabla ya kodi, yaani Sh427 mkononi. Ukiendelea kuvuka unahamishiwa T1, na huko hakuna uniti za bei nafuu hata moja. Kila uniti, ya kwanza mpaka ya mwisho, ni Sh292 kabla ya kodi, ile Sh356 niliyoitaja.

Sasa chukua kaya ya D1 inayotumia uniti 60: taa, televisheni, friji dogo, simu. Inalipa Sh7,320. Ikasikia tangazo, ikanunua jiko, ikaanza kupika vyakula vyake vikuu kwa umeme. Weka uniti 35 kwa mwezi. Jumla 95. Mwezi wa kwanza italipa kama Sh17,700. Ikishahamishiwa T1 italipa kama Sh33,800. Piga hesabu: uniti 35 za kupikia zimeipandishia gharama kwa zaidi ya Sh26,000. Kila uniti ya kupikia imeigharimu Sh750 na zaidi. Tumemwalika mtu apike kwa umeme, kisha tukamtoza mara sita ya bei aliyozoea.

MCHUMI: Hesabu yako ni sahihi, mzee, lakini usimlaumu aliyeiweka. D1 iliwekwa kumlinda maskini mwenye taa tatu na redio. Wakati huo nani alifikiria kupikia umeme? Na Sh100 haifikii gharama ya kuzalisha na kusafirisha umeme. Tofauti hiyo inafidiwa na wateja wengine. Ukisema uniti 75 za kwanza ziwe nafuu kwa kila mtu, pamoja na walioko T1, kila mteja wa T1 atapunguziwa zaidi ya Sh17,000 kwa mwezi. TANESCO itazitoa wapi? Na T1 wamo pia wenye viyoyozi. Utakuwa umewapa ruzuku wasiohitaji.

MZEE WA UMEME: Sijasema hivyo. Nasema aliye D1 asihamishwe kwa kosa la kupika. Abaki na zake 75 kwa Sh100, na kuanzia ya 76 mpaka ya 150 alipe Sh292, ile ile ya T1, siyo Sh350. Yule wa uniti 95 atalipa Sh9,150 na kama Sh7,100 juu yake. Inafika Sh16,300. Hiyo ni chini ya mtungi mmoja wa gesi. TANESCO haimpi kitu bure kwenye hizo 20 za ziada. Inamuuzia kwa bei kamili umeme ambao asingeununua.

MCHUMI: Uganda wamejaribu kwa mlango mwingine. Tangu mwaka 2022 mteja wa nyumbani ana uniti 15 za kwanza za bei ya chini, kisha bei ya kawaida, halafu kuanzia uniti ya 81 mpaka ya 150 bei inashuka hadi Sh412 za Uganda, na wenyewe wanaiita tarifa ya kupikia. Kadri unavyopika, ndivyo unavyopunguziwa.

MZEE WA UMEME: Nimeipenda roho yake.

MCHUMI: Mimi ina mahali inaponisumbua. Kaya maskini haifiki uniti ya 81. Anayefika tayari ana friji kubwa na pasi na hita. Punguzo linamngoja mtu juu ya ngazi ambayo maskini hana miguu ya kuipanda. Ila nakiri kwamba angalau Uganda wameandika neno kupika ndani ya tarifa. Kenya mwaka 2023 waliweka tarifa maalumu ya magari ya umeme, na ya jikoni hawakuiweka.

MAMA LISHE: Naomba na mimi nisikilizwe, maana mnazungumza kana kwamba kila mtu ana mita yake.

Kimya kidogo kingefaa hapa. Miji yetu ni miji ya wapangaji, na mipango mingi ya nishati imeandikwa kana kwamba kila mlango una LUKU yake, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia.

MAMA LISHE: Nyumba ninayokaa ina vyumba sita na mita moja. Kila chumba ni familia. Umeme ukikata, mtoto anapita mlango kwa mlango kukusanya, na daftari liko kwa mama wa chumba cha mwanzo: nani katoa, nani bado, nani kasema kesho. Mwenye friji anatoa zaidi. Mwenye redio tu ananuna. Sasa mimi niingize jiko la umeme? Siku hiyo hiyo nitaitwa uani. Na baba mwenye nyumba kabla hajanipa ufunguo alishasema: hapa hakuna hita, hakuna jiko la umeme, pasi ni Jumapili. Gesi yenyewe wapo wenye nyumba wanaikataza wakiogopa moto. Ndiyo maana ukija uswahilini asubuhi unakuta majiko ya mkaa yamepangwa kwenye korido. Watu hawajakosa elimu.

MZEE WA UMEME: Niongezee hesabu, mama. Familia sita, kila moja uniti 30. Hapo hakuna tajiri. Lakini mita inasoma 180, na nyumba iko T1. Bili ni kama Sh64,000, kila familia Sh10,680. Kila moja ingekuwa na mita yake, iwe D1, ingelipa Sh3,660.

MAMA LISHE: Mara tatu.

MZEE WA UMEME: Karibu mara tatu. Na kuvuta mita mjini ni Sh320,960, wakati kijijini ni Sh27,000. Mpangaji hawezi kuivuta kwenye nyumba isiyo yake. Wakati huo huo wapo wenye nyumba nzuri, familia moja, waliovuta mita mbili ili zote zibaki D1. Ruzuku inafuata mita, haifuati mtu.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika suala hili. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini inamruka maskini wa mjini kwa sababu tu anaishi na wenzake, na inambana zaidi siku anapotaka kuacha mkaa. Sioni ubaya wowote kwa aliyeiandika tarifa, lakini siwezi kukubali kwamba iendelee hivyo huku tukijaza mabango ya nishati safi barabarani.

MCHUMI: Kulirekebisha si rahisi. Ukisema mita ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizo nyuma yake, kesho kila nyumba itakuwa na kaya nane.

MAMA LISHE: Mjumbe anatujua. Serikali ya mtaa ina majina yetu. Barua zote za utambulisho zinatoka kwao. Wakitaka kutuandikisha kwenye sensa wanatupata, kwenye kura wanatupata. Na kodi ya majengo mbona iliipata LUKU? Kila mwezi elfu na mia tano inakatwa humo humo, na anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme, nyumba si yake.

Mama ametaja jambo kubwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, ikianza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi Sh1,500 mwaka 2023. Mfumo unaoweza kukata kodi kidogo kidogo kila mwezi unaweza pia kukusanya malipo ya jiko kidogo kidogo. Jiko la presha la umeme madukani ni laki moja na nusu, mbili, hata zaidi. Likigawanywa kwa miezi ishirini na minne ndani ya LUKU, na Serikali ikaweka nusu kama inavyofanya kwenye mtungi, linakuwa elfu tatu au nne kwa mwezi. Hiyo ndiyo ruzuku ya shirika la umeme ambayo ningependa kuiona ikienea nchi nzima.

MUUZA MKAA: Na umeme ukikatika saa moja usiku? Mimi sikatiki.

MZEE WA UMEME: Hapo umenishika. Tena saa moja usiku ndipo kila mtu anawasha, na transfoma nyingi za mitaani zimeelemewa. Umeme unafika mdogo, taa zinafifia. Tukiwauzia watu wote majiko mwezi mmoja bila kubadilisha transfoma, tutaziunguza. Mitambo ya Rufiji haitusaidii ikiwa waya wa mtaani ni mwembamba. Ila maharage, makande na nyama ngumu, vitu vinavyokula mkaa mwingi, havilazimiki kupikwa saa moja usiku. Jiko hilo linapika saa nane mchana na kukitunza chakula kikiwa moto.

MAMA LISHE: Na mimi ninayeuza chakula napika alfajiri. Saa kumi za usiku nani kawasha umeme? Mnipe bei ya alfajiri, mkaa nauacha wiki hiyo hiyo.

MCHUMI: Basi nibaki na ombi langu moja. Msije mkausahau mtungi. Vijijini nyaya zimefika, lakini kaya nyingi bado hazijaunganishwa, na zilizounganishwa zina taa mbili. Huko gesi ni ya miaka mingi ijayo. Nusu ya fedha za mitungi iende kwenye kujaza, hasa miezi ya kabla ya mavuno ambapo mkulima hana kitu.

MZEE WA UMEME: Hilo nakuunga mkono. Kijijini ruzuku iwe kwenye gesi inayojazwa. Mjini iwe kwenye tarifa. Na EWURA kabla ya kubadilisha bei hukusanya maoni ya wadau, kila mtumiaji ana haki ya kusema. Wanaokwenda ni mawakili wa viwanda na watu wa migodi. Wapangaji wa mita moja sijawahi kuwaona.

MAMA LISHE: Watatuona wapi, mzee wangu, na vikao vyenyewe ni hotelini saa tatu asubuhi, saa ambayo nagawa supu? Kikao hicho wakilete Mbagala, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, saa kumi na moja jioni. Nitakuja na wapangaji wenzangu watano na lile daftari la michango, wasome wenyewe tunalipa kiasi gani.